Maziwa ya Rwenzori kwa anayetoka Kamina: njia, majira, mzigo na makosa ya kuepuka

Swali ni lilelile, linabadilika sauti tu. Vijana wameona picha ya ziwa jeusi lililobanwa na miamba, juu yake theluji, wakaambiwa hiyo ni Afrika, tena ni jirani. Wanauliza: tunafikaje kutoka Kamina? Wazazi wanauliza kama mtoto atarudi mzima. Na hakosi mmoja wa kusema: mlima huo si wetu? Si uko Kivu ya Kaskazini? Tupitie Uganda kwa nini?

Nitajibu kwa kufuata safari yenyewe. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mara ya kwanza nenda kwa ajili ya maziwa, kilele kiache. Margherita, mita 5,109, ni cha tatu kwa urefu barani baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, nacho kinataka kamba, makucha ya chuma chini ya buti na hali ya hewa iliyokubali. Maziwa yanataka miguu, subira na buti za mpira. Wengi wanaogeuka nusu njia hawashindwi na kimo cha mlima. Wanashindwa na kulowa, na haraka.

## Kwa nini si upande wetu

Njia ya Kongo ipo, na ni nzuri. Inaanzia Mutwanga, katika teritwari ya Beni, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Inapanda kwa vibanda vya Kalonge (mita 2,138), Mahangu (3,310) na Kiondo (karibu 4,200), na huko juu ndiko yaliko Lac Noir, Lac Vert na Lac Gris.

Leo siwezi kumshauri mtu apite huko. Teritwari ya Beni imeshambuliwa na waasi wa ADF kwa miaka mingi, na mgeni mwenye begi kubwa mgongoni haonekani kama mtalii, anaonekana kama mali. Usidanganywe na anayesema "nina shemeji Mutwanga, atakupitisha". Shemeji anajua njia ya shambani. Hajui nani alilala msituni jana.

Wala usidhani kuvuka mpaka ni kinga tosha. Hifadhi ya Rwenzori upande wa Uganda ilifungwa kuanzia 1997 hadi 2001 kwa sababu ya kundi hilohilo, na Juni 2023 shule moja ya Mpondwe, mpakani mwa wilaya ya Kasese, ilivamiwa. Kwa hiyo wiki ya kuondoka, piga simu kwa mamlaka ya wanyamapori ya Uganda (UWA) au kwa waongozaji uliopatana nao, uulize mambo mawili: njia yangu iko wazi? Na barabara ya kufika Kasese ikoje wiki hii? Jibu la mwezi uliopita halihesabiki.

## Njia tatu

### Mahoma, siku tatu

Hii ndiyo ninayompa anayeanza. Unaondokea Nyakalengija, kijiji kilicho mita 1,600 na kidogo, kilomita ishirini na ushei kutoka mji wa Kasese. Unazunguka hadi Ziwa Mahoma, karibu mita 3,000, unalala mara mbili, unashuka. Ziwa limezuiwa na kifusi cha mawe kilichosukumwa na barafu enzi ilipokuwa inateremka hadi huko chini. Maji ni meusi, kimya, na miti inayolizunguka imening'iniza ndevu za kijivu.

Theluji utaiona kwa mbali tu, anga likikubali. Faida ya njia hii ni kwamba mwili ukigoma, uko karibu na barabara. Wanaoidharau Mahoma kwa kuwa "haifiki juu" wangefaa kuipitia kwanza ndipo waseme.

### Bujuku na Kitandara, siku saba

Huu ni mzunguko wa kati, wenye maziwa yanayoonekana kwenye picha. Huongozwa na Rwenzori Mountaineering Services, shirika la wenyeji Wakonzo lililoanzishwa 1987. Mwendo ninaoushauri, kibanda hadi kibanda, kilele kikiachwa, ni huu:

- Siku ya 1: Nyakalengija hadi Nyabitaba (mita 2,651). Mwanzo ni shamba na msitu, mwisho ni mgongo mkali wa kupanda. Saa tano au sita.
- Siku ya 2: Nyabitaba hadi John Matte (zaidi ya mita 3,400). Unavuka daraja mahali mito ya Bujuku na Mubuku inapokutana, kisha mianzi, kisha mawe makubwa yenye utelezi. Wengi wanasema hii ndiyo siku ndefu kuliko zote, saa saba na zaidi.
- Siku ya 3: pumzika John Matte. Mara nyingi ratiba haina siku hii. Idai.
- Siku ya 4: John Matte hadi Bujuku (karibu mita 3,960), kupitia vinamasi vya Bigo. Ziwa Bujuku linakaa katikati ya milima mitatu: Stanley, Speke na Baker.
- Siku ya 5: Bujuku hadi Kitandara (mita 4,023), kupitia upenyo wa Scott Elliot, mita 4,372. Hapa ndipo juu kabisa pa safari yako.
- Siku ya 6: Kitandara hadi Guy Yeoman (mita 3,261) kupitia upenyo wa Freshfield, mita 4,282. Njiani utapita pango la Bujongolo, alipoweka kambi Duke wa Abruzzi kutoka Italia mwaka 1906, msafara wake ulipofika vilele vikubwa vya mlima huu.
- Siku ya 7: Guy Yeoman hadi Nyakalengija. Magoti yatalia.

Maziwa ya Kitandara ni mawili, na kibanda kiko kando ya maji. Maji hayo yanatelemkia magharibi kwa mto Butawu hadi Semliki, yaani yanaingia Kongo, ingawa hayafiki kamwe kwenye mto Kongo: Semliki huyapeleka Ziwa Albert, na kutoka huko Nile. Kwa mtu aliyekulia karibu na Lomami na Lualaba, ambako maji yote tunayoyajua yanakwenda upande mmoja, hili linastahili dakika moja ya kusimama na kutazama.

### Kilembe, siku nane au zaidi

Njia ya kusini, inayosimamiwa na Rwenzori Trekking Services. Inapita kambi za Sine, Mutinda na Bugata, na bonde la Nyamugasani lenye maziwa kadhaa. Watu ni wachache, mabonde ni mapana. Mkatanga atajisikia nyumbani mlangoni, kwa sababu Kilembe ni mji wa mgodi wa shaba: nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari, mitambo iliyonyamaza tangu miaka ya 1980. Mto Nyamwamba ulifurika vibaya hapo mwaka 2013, na tena 2020, kwa hiyo wakati wa mvua kubwa usikubali kulala nyumba ya wageni iliyo kando ya mto.

Siipendekezi kwa mara ya kwanza. Ni ndefu, na ukishavuka Mutinda kurudi nyuma ni kazi sawa na kuendelea.

## Kalenda ya Kamina itakudanganya

Kwetu mvua huanza Oktoba na kukatika Aprili. Rwenzori iko karibu kabisa na ikweta, na kalenda yake si hii. Miezi yenye nafuu huko huja mara mbili kwa mwaka: kuanzia katikati ya Desemba hadi Februari, na tena Juni hadi Agosti.

Maana yake kwa msafiri wetu:

- Ukitaka Januari, mlimani ni nafuu lakini barabara za mkoa wetu wa Haut-Lomami ziko katika ubaya wake. Ongeza siku za akiba za kufika Lubumbashi.
- Ukitaka Juni au Julai, pande zote mbili ni kiangazi. Huu ndio wakati ninaoushauri.
- Aprili, Mei, Oktoba na Novemba, subiri.

Na neno "nafuu" lisikupe usingizi. Hata katika mwezi mzuri, mvua itakukuta. Mpango unaotegemea siku tatu mfululizo za jua si mpango.

## Mwili, kabla hujatoka nyumbani

Kamina ni tambarare, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Huwezi kuzoea kimo ukiwa hapa, lakini miguu na mapafu yanaandalika.

- Anza miezi mitatu kabla. Tembea saa mbili, mara tatu kwa wiki, ukiwa na begi la kilo tano, uongeze polepole hadi kumi. Mahindi kwenye mfuko yanatosha, hakuna haja ya kununua kitu.
- Tafuta ngazi au tuta lolote, panda na ushuke. Kushuka ndiko kunakofundisha magoti.
- Mazoezi mengine fanya kwenye matope ukiwa umevaa buti za mpira zilezile utakazosafiri nazo. Msimu wa mvua wa Kamina, ambao kila mtu anaulalamikia, hapa unakufaa.
- Usifanye mazoezi kwenye reli. Wala usielekee upande wa kambi ya jeshi ya Kamina-Base ukiwa na begi kubwa na saa ya kupima mwendo. Maelezo yako hayataeleweka.

Kisha nenda hospitali. Sehemu hii watu huiruka, nami naomba uisome mara mbili.

Selimundu. Mwenye SS, yaani mgonjwa mwenyewe, asipande mlima huu. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo, na hicho ndicho kinachoamsha maumivu na kuziba mishipa. Mwenye AS, aliyerithi upande mmoja tu, huwa mzima maisha yake yote na hajijui, lakini akipanda juu sana bandama yake inaweza kupata madhara. Ni nadra, ila hutokea. Pima kabla, na ukiwa AS ongea na daktari, kisha umjulishe kiongozi wako: maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ni amri ya kushuka.

Malaria. Huko juu mbu hakuna, lakini unaweza kuwa umeibeba kutoka Kamina. Inachipuka siku ya pili au ya tatu ya kupanda, na dalili zake za mwanzo, kichwa, kutapika, uchovu, zinafanana na ugonjwa wa kimo. Pima Kasese kabla ya kuanza hata kama hujisikii vibaya, ubebe vipimo vya haraka viwili na dozi kamili ya dawa.

Dawa ya kimo. Asetazolamidi, inayouzwa kwa jina la Diamox, husaidia mwili kuzoea. Ni ya kuandikiwa na daktari. Aliyewahi kuvimba au kutoka vipele kwa Fansidar au Bactrim lazima aseme, kwa sababu dawa hizi zina undugu.

Moyo, pumu, mimba. Ongea na daktari, usikisie.

## Karatasi, pesa na barabara

Hapa nitakwenda haraka, mambo hubadilika.

1. Pasipoti na kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Bila ya pili unaweza kurudishwa uwanjani.
2. Viza. Kuanzia Januari 2024 Uganda iliwaondolea Wakongomani sharti la viza. Hakikisha tena kabla ya kulipa tiketi.
3. Bei ya Jumuiya. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na viingilio vya hifadhi za Uganda kwa raia wa Jumuiya ni vya chini kuliko vya mgeni wa mbali. Dai bei hiyo kwa maandishi, na uonyeshe pasipoti. Ukikaa kimya utaandikiwa ya mgeni.
4. Njia. Kamina hadi Lubumbashi ni karibu kilomita 600 za reli. Kutoka Lubumbashi ni ndege hadi Entebbe kwa kubadilisha Addis Ababa au Nairobi, kisha basi kutoka Kampala hadi Kasese, safari ya mchana kutwa. Kuna wanaowaza kupita nchi kavu kwa Goma na Beni ili kuokoa pesa. Hapana.
5. Dola. Noti mpya, zisizochanika wala kuandikwa kalamu. Noti inayopita soko la Kamina kwa kubishana kidogo, benki ya Kampala itaikataa.

Unapopatana na waongozaji, usiulize "shilingi ngapi?" tu. Uliza: kiingilio kimo? Chakula kimo, na cha wapagazi? Siku ya kupumzika inaongezwa kwa kiasi gani? Mpagazi wangu anabeba kilo ngapi mwisho? Nikigeuka siku ya tatu narudishiwa nini? Kiongozi ni lazima kwa sheria ya hifadhi, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta njia ya kwenda peke yako.

## Mzigo

Sheria ni moja: kila kitu kitalowa isipokuwa kile ulichokifunga kwenye plastiki. Begi lenye kifuniko cha mvua si plastiki.

- Buti za mpira, kubwa kidogo ili ziingie soksi mbili, na zinazobana kifundo. Za kulegea zitabaki matopeni wewe ukiendelea na soksi. Kasese zipo, lakini ukiwa na mguu mkubwa nunua kwetu.
- Viatu vya pili, vikavu, vya kibandani tu.
- Soksi za sufu, na jozi moja ambayo huivai kamwe mchana. Hiyo ni ya kulalia.
- Koti la mvua na suruali ya mvua. Mwavuli uache.
- Nguo za sufu au za nailoni. Mitumba ina sweta nzuri za sufu, zitafute mapema. Jinzi usibebe: ikilowa ni nzito, na Bujuku haikauki.
- Mfuko wa kulalia unaohimili baridi ya sifuri. Usiku wa Bujuku na Kitandara hufika hapo.
- Tochi ya kichwani, kofia ya sufu, glavu, fimbo mbili, miwani ya jua.
- Betri ya akiba ya simu, ulale nayo ndani ya mfuko. Baridi hunyonya chaji.

Kuhusu chakula, naulizwa kama bukari linapikika. Linapikika. Kisichopikika ni maharage, kwa sababu kwenye mita 4,000 maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 87 tu, na unaweza kuchochea moto hadi usiku yakabaki mawe. Dagaa wakavu ni chakula kizuri cha mlimani: wepesi, wana chumvi, wanaiva upesi. Hamu ya kula itapungua kadiri unavyopanda, kwa hiyo beba kitu unachokipenda kweli, karanga, biskuti, hata kipande cha sukari guru. Maji ya mito chemsha au tia dawa, hata yakiwa meupe kama kioo.

## Bigo: siku ya matope

Kinamasi cha Bigo, kati ya John Matte na Bujuku, kinastahili maelezo yake. Si matope ya barabarani. Ni uwanja mpana wa vichuguu vya nyasi ngumu vinavyofika magotini, na kati ya kichuguu na kichuguu ni shimo la maji ya rangi ya chai. Sehemu nyingine zimewekewa njia ya mbao. Mbao hizo zikilowa huteleza kuliko tope lenyewe, na ziko zilizovunjika.

- Weka fimbo kwanza, mguu baadaye. Fimbo ikizama hadi mkononi, hapo si pako.
- Kanyaga pale pale alipokanyaga kiongozi, si karibu na hapo.
- Usiruke kutoka kichuguu hadi kichuguu. Mara tatu utafaulu, ya nne utageuza kifundo.
- Mguu ukizama, usiuvute kwa nguvu moja kwa moja juu. Shika shingo ya buti kwa mikono miwili, tingisha kisigino hadi usikie hewa inaingia, ndipo uinue buti na mguu pamoja. Anayevuta kwa hasira huinuka na mguu mtupu.
- Kwenye mbao, tembea na unyayo mzima, hatua fupi, bila kugeuka kuzungumza na mwenzako.

Ukifika kibandani, kamua soksi na ubadilishe mara moja, kabla ya chai, kabla ya picha. Ukikaa na nguo mbichi dakika ishirini baridi inaingia, na kuitoa itakuchukua usiku kucha.

## Kichwa kikiuma

Juu ya mita 2,500 yeyote anaweza kuugua, awe mwanasoka au mzee. Nguvu za mwili hazikulindi. Kwa kweli vijana wenye nguvu ndio huumia zaidi, kwa kuwa wanakimbia.

1. Kichwa kinauma kidogo, hamu ya chakula imepotea: kunywa, pumzika, usipande zaidi leo.
2. Kichwa hakitulii kwa dawa, unatapika: pima malaria. Ikiwa haipo, chukulia ni kimo, na asubuhi ushuke.
3. Unayumba ukitembea mstari mmoja, unajibu mambo yasiyoulizwa, au unahema na kukohoa ukiwa umekaa: shuka sasa, hata kama ni usiku, hata kama mvua inanyesha, na mtu asishuke peke yake. Hapa ndipo watu hufa.

Kanuni ya kulala: ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya usiku mmoja na unaofuata. Tazama tena ratiba hapo juu: kutoka Nyabitaba hadi John Matte unaruka zaidi ya 750 kwa siku moja. Ndiyo maana nasema dai siku ya kupumzika, hata ikikugharimu.

Na ukweli usimfiche kiongozi. Kuna kasumba ya kujikaza, hasa mbele ya wenzako mliotoka nao mji mmoja. Kiongozi hawezi kupima maumivu yaliyofichwa.

## Maswali yanayobaki

"Nimefika Bujuku na nina nguvu. Kwa nini nisijaribu Margherita?" Kwa sababu hukulipia vifaa, hukufundishwa kamba, na barafu yenyewe imepungua sana, hivyo njia yake hubadilika na ina ngazi na nyufa. Rudi mwaka mwingine ukiwa umejipanga kwa hilo.

"Lugha?" Kiswahili kitakufaa Kasese, kwa kuwa ni mji wa karibu na mpaka na biashara ya Kongo ni ya kila siku. Wakonzo wa huku na Wanande wa kwetu ni ndugu wa damu na wa lugha, na ukiwa na rafiki kutoka Butembo aliyekufundisha salamu mbili tatu, utapokelewa tofauti. Wazee wanasema Kitasamba, mwenye mlima, anakaa kwenye theluji: sikiliza, usicheke.

"Nimpe mpagazi nini mwisho?" Pesa, mkononi mwake mwenyewe, si kwa mtu wa kati. Uliza kiasi cha kawaida ofisini kabla ya kupanda ili msibishane siku ya mwisho. Buti na soksi zako nzima, kama huzihitaji tena, zitapokelewa vizuri kama nyongeza, si badala ya pesa.

"Sina pesa za Uganda. Hakuna ziwa la mlimani karibu na njia zetu?" Lipo, na wengi wetu tunalipita bila kujua. Wafanyabiashara wanaotoka Lubumbashi kwa barabara kwenda Dar es Salaam huvuka Kasumbalesa, wanakata Zambia hadi Nakonde, wanaingia Tunduma, kisha Mbeya. Hapo Mbeya, ukikata kona Uyole kushika barabara ya Tukuyu, uko kwenye milima ya Uporoto, na ndani ya kreta mojawapo kuna Ziwa Ngozi, juu kidogo ya mita 2,000. Ni safari ya siku moja: unashuka kwenye gari, unatembea au kupanda bodaboda hadi mguu wa mlima, kisha saa moja na nusu hivi za msitu mzito hadi ukingoni. Huhitaji dawa ya kimo. Unahitaji sweta, kwa sababu Uporoto katika Juni na Julai ni baridi isiyo na utani, na viatu vinavyoshika udongo.

Chukua kiongozi wa kijijini. Ondoka asubuhi na mapema, maana mchana wingu hukaa juu ya kreta na utaona ukungu mtupu. Njia ya kushuka kutoka ukingoni hadi majini ni wima na inateleza, unaning'inia kwenye mizizi. Wengi huishia ukingoni na hawajapoteza kitu. Ikiwa mvua imenyesha usiku, usishuke. Kiingilio lipa kwa watu wa misitu, udai stakabadhi, na mzigo wako wa biashara uuache kwenye nyumba ya wageni Mbeya, usiubebe hadi kijijini.